Kiraka cha Kisanduku cha Maziwa

Jumamosi, 3 Mei 2025

Tangi zima limemwagwa. Zima!

Mamkubwa Hanna alinipigia asubuhi nikiwa napiga mswaki. Hakusalimia — yeye, ambaye simu zake huanza na habari za kila mtu mpaka za kuku! Alisema tu, Vai, njoo, maziwa yamechacha. Nimefika Maji ya Chai nywele hazijachanwa.

Umeme ulikatika usiku pale kituoni, kituo chao cha kukusanya na kupoza maziwa, na akina mama wamelala majumbani kwao. Hilo si ajabu, masika haya umeme unakwenda na kurudi kama mgeni. Kisanduku chetu, tulichowaundia sisi wa ofisini kwangu, kipo pale kwa kazi hiyo hiyo: joto la tangi likipanda, kinawatumia akina mama meseji, aliye karibu anakwenda kuwasha jenereta. Safari hii kimya. Nimekikuta taa yake ya kijani inawaka vizuri kabisa, ndani kimekufa.

Walisimama wakitazama maziwa yakienda mtaroni. Hakuna aliyepiga kelele. Afadhali wangepiga! Sia peke yake ndiye aliyesema: kabla ya kisanduku tulikuwa tunalala hapa kwa zamu, na hatukuwahi kumwaga tangi. Kweli tupu. Na waliacha kulala pale kwa sababu mimi niliwaambia waache.

Mamkubwa ndiye mwenyekiti. Amekata shauri mbele ya wote: kisanduku kirudi mjini kikatengenezwe, mwisho wa mwezi kikao kitaamua kama tunakitaka tena. Kwa sasa zamu za kulala zinarudi. Sabina, mpima maziwa, ana kichanga mgongoni. Naye zamu inamhusu. Alinitazama, akatabasamu. Lile tabasamu limenichoma kuliko maneno ya Sia.

Jumatatu, 5 Mei

Ofisini, Kijenge. Kisanduku kiko mezani kwangu kinafanya kazi kama malaika! Kinapima, kinatuma meseji, kinaringa.

Rekodi zake zinasema kilikufa kwa kuishiwa memori. Si ghafla. Kidogo kidogo, siku hadi siku, mpaka ikaisha, halafu mfumo ukaanza kuua programu moja moja ili uponee, na yetu ikiwemo. Nimeipekua programu yetu mstari kwa mstari. Haili kitu. Kuna mlaji mwingine.

Daniel — bosi — anasema tukiweke kijizime na kujiwasha chenyewe kila asubuhi, memori irudi, tuwarudishie akina mama, basi. Nikamuuliza, na umeme ukikatika wakati kinajiwasha? Na siku memori ikiliwa haraka zaidi, kikifa kabla ya asubuhi? Akakuna ndevu. Akasema haya, wiki hii ni yako, ukishindwa tunafanya yangu. Sina cha kulalamika. Bosi mwingine asingenipa hata mchana mmoja.

Jumanne, 6 Mei

Nimepeleka kisanduku Ngarenaro, karakana kwa Sankale. Yeye ndiye anayeviunganisha, kila waya ameuchomelea kwa mkono wake.

Tumebishana wee. Mimi: ni programu fulani. Yeye: ni modemu, kile kifaa kilichochomekwa ubavuni cha kuongea na mnara wa simu. Mimi: modemu haili memori. Yeye: basi mbona hapa mjini kizima na kule kinakufa? Tukaruka wote wawili. Kwa sababu kule mtandao ni mbovu! Na sisi tunakijaribu mahali ambapo mnara uko barabara ya pili.

Tukatafuta namna ya kuharibu mtandao. Sankale akavuka ua, akarudi na sufuria ya pilau ya mkewe, ile kubwa yenye mfuniko mzito. Kisanduku ndani, mfuniko juu, waya mmoja tu umetokeza wa kukichungulia. Mtandao ukapotea. Na memori — tulikuwa bado hatujamaliza chai — memori ikaanza kushuka! Inashuka, inatulia, inashuka tena. Tumepiga kelele mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuona nani kashinda mechi.

Sankale kaipata sehemu yake: modemu isipousikia mnara inaongeza nguvu ya kuita, inakula umeme mwingi, inazidiwa, inazima, inawaka upya. Inazima, inawaka. Kila inapowaka, kipo kitu kinakula memori. Kitu gani? Hiyo sasa ni sehemu yangu.

Jumatano, 7 Mei

NIMEIPATA!

Ngoja nitulie niandike vizuri.

Si programu yetu. Ni kerneli yenyewe — kile kiini cha mfumo, chini kabisa, kilichoandikwa na watu wa dunia nzima na kinachoendesha mashine zisizo idadi. Niliwasha chombo chake cha kutafuta memori iliyotelekezwa, nikakiacha kisanduku ndani ya sufuria (Naisula, mke wa Sankale, ameanza kuiulizia). Ripoti ilipokuja nikadhani nimekosea. Kipande kilekile, ukubwa uleule, mamia kwa mamia. Vyote vimechukuliwa na draiva ya modemu, ile sehemu ya kerneli inayoiendesha modemu. Hakuna kilichorudishwa.

Nikafungua msimbo wa draiva, maandishi yake yenyewe. Modemu ikiwaka, draiva inaomba vipande viwili vya memori kwa kerneli, kimoja baada ya kingine, halafu inaiita modemu. Ikiitika, safi. Isipoitika, draiva inatakiwa irudishe vyote viwili na kuondoka. Inarudisha kimoja! Cha pili inakiacha hapo hapo, inakwenda zake. Nani angeona? Kwao modemu zinaitika kila mara. Njia ile ya kushindwa haipiti mtu. Maji ya Chai, kwenye mvua, inapitwa kutwa kucha.

Nimepiga yowe. Daniel akamwagia kibodi chai. Hakukasirika! Alikuja na tambara mkononi, akasoma nyuma ya bega langu, akasoma tena. Akauliza kosa hili limekaa hapa tangu lini. Nikamwambia labda tangu mimi nasoma sekondari. Na hakuna aliyeliona? Akakaa chini. Nadhani mpaka sasa hajaifuta ile kibodi.

Alhamisi, 8 Mei

Mstari mmoja. Nimeongeza mstari mmoja tu kwenye ile njia ya kushindwa: rudisha na cha pili. Mchana kutwa sufuriani, modemu ikizima na kuwaka kama kichaa, na memori haikusogea. Tuli!

Sankale akampigia mkewe kumwambia sufuria yake imeingia kwenye historia. Naisula akajibu anataka iingie jikoni.

Daniel anasema kiraka hiki, marekebisho yetu, tusikae nacho wenyewe. Mfumo ni wa watu wote, kiraka kiende kwa wenyewe. Kila draiva ina mtunzaji wake, na wa hii ni mzee mmoja wa Ujerumani, Hans. Mtu anatuma kiraka kwa barua pepe, hadharani, kila mtu duniani anaona, mtunzaji anakubali au anakataa. Na lazima uweke jina lako kamili.

Nimeandika: Vaileth Sadoki Akyoo. Nimelitazama muda. Jina la Baba, jina la ukoo, ndani ya barua inayokwenda kwa watu ambao hawajui hata Meru iko wapi.

Mwanzoni nilikwama. Kiingereza hakina pa kuweka shikamoo. Nimeingia moja kwa moja kwenye shughuli, kama mtu anayeingia sebuleni kwa watu bila hodi. Nikabonyeza tuma.

Jumapili, 11 Mei

Kimya kutoka kwa Hans.

Baada ya ibada nimekula nyumbani, ndizi na nyama, mlima umejifunika mawingu tangu asubuhi. Baba aliuliza kazi inaendeleaje, nikamwambia tatizo lilikuwa kwenye draiva. Akatikisa kichwa kwa huzuni: madereva wa siku hizi! Mama akacheka mpaka akaweka kijiko chini. Ilibidi nianze upya.

Mamkubwa alikuwepo pia. Yeye hakucheka, alitaka kuelewa. Nikamwambia hivi: kituoni kwenu mtu akileta maziwa mnampa keni mbili za kuazima, sivyo? Ndiyo. Sasa yupo mmoja, maziwa yake yakikataliwa kwenye kipimo anaona aibu, anarudisha keni moja, anaondoka na nyingine. Kila siku. Mamkubwa akauliza papo hapo, jina lake nani? Jamani! Nikamwambia ni mfano. Akafikiri, akasema: keni zinaisha, na zikishaisha hata wale wenye maziwa mazuri tunawafukuza. Ndiyo, Mamkubwa! Ndiyo hasa!

Akasema basi mbona ni kitu kidogo. Nikasema ni kidogo. Akasema na maziwa yote yale.

Sabina amelala zamu mara ya pili. Mtoto ana mafua.

Jumatatu, 12 Mei

Hans amejibu! Na amekataa.

Barua fupi, ya adabu. Anashukuru, anasema uvujaji wa memori ni wa kweli na anashangaa umejificha vipi, lakini kiraka changu kina kosa. Mtu akichomoa modemu katikati ya kuitambulisha, kuna sehemu nyingine ya draiva ambayo tayari inarudisha kile kipande cha pili. Kwa hiyo kiraka changu kitakirudisha mara mbili. Na kurudisha mara mbili ni kubaya zaidi: kerneli inampa mtu mwingine kipande kilekile, wawili wanaandika mahali pamoja, mashine inaanguka.

Masikio yamewaka moto. Hadharani! Dunia nzima imesoma!

Halafu nikasoma msimbo tena polepole. Yuko sahihi. Yuko sahihi kabisa, mzee wa watu. Na hakunidhalilisha hata kidogo, alinionyesha tu pa kutazama.

Daniel alisoma barua, akasema, kwa hiyo amekwambia tatizo ni la kweli. Nikasema ndiyo. Akasema basi umeshinda nusu, nenda ukale.

Jumanne, 13 Mei

Ngarenaro. Nilimwambia Sankale achomoe modemu katikati. Akachomoa, hakuna kitu. Akachomoa tena. Mara ya sijui ngapi — pu! Kisanduku kikaanguka chote, skrini imejaa takataka. Tukatazamana. Kiraka changu kingefika Maji ya Chai, siku Sabina anafuta vumbi akaigusa ile modemu, kwisha!

Badala ya kulia nikaanza kucheka. Sankale naye. Tumecheka mpaka machozi. Asante, Mzee Hans, popote ulipo.

Jumatano, 14 Mei

Toleo la pili liko tayari. Si mstari mmoja tena. Nimepanga upya njia nzima ya kushindwa: kila hatua iliyofanikiwa ina mlango wake wa kutokea, na unarudisha ulichochukua kwa mpangilio wa kinyume, cha mwisho kwanza, kila kimoja mara moja tu. Nzuri kusoma! Naona fahari nikiitazama, kama kitanda kilichotandikwa.

Sankale amechomoa modemu mpaka kidole kimefanya lengelenge. Haianguki. Sufuriani memori tuli.

Sasa balaa. Hans aliniomba niandike kwenye kiraka ni badiliko lipi la zamani lililoleta kosa. Ndio utaratibu wao. Nikafukua historia ya draiva, nikarudi nyuma miaka, nikalipata. Aliyeliandika ni nani?

Hans!

Yeye mwenyewe! Nimekaa nikikodolea jina. Nitamwandikiaje mzee wa watu, mbele ya dunia nzima, kwamba mkosaji ni wewe? Kwetu ungemtafuta mtu wa rika lake, akazunguka na maneno, akafika pole pole. Sankale alisema kwao ungekwenda na zawadi kwanza. Daniel akatucheka wote wawili. Kasema, Vai, amekuuliza swali, mjibu. Asiyetaka jibu haulizi.

Nimeandika. Mstari wa tarehe, jina la badiliko, basi. Hakuna pole, hakuna samahani. Nikatuma, nikatoka nje kununua mahindi ya kuchoma ili nisitazame skrini.

Alhamisi, 15 Mei

AMEKUBALI!!

"Huyo ni mimi," kaandika. "Nilikuwa na haraka siku ile, na umelieleza vizuri kuliko ningejieleza. Kiraka kimepokelewa. Asante, Vaileth."

Kaandika jina langu! Kiraka kimeingia kwenye hazina yake ya msimbo, kutoka hapo kinapanda kwenye kerneli yenyewe, na kitakwenda kila mahali.

Ofisi nzima tumekula mishikaki. Nimempigia Baba. Nikamwambia jina lako limo. Akauliza, limo wapi? Nikasema kwenye mashine. Zipi? Zote, Baba. Nikamsikia akimwita Mama kwa sauti kubwa.

Jumamosi, 17 Mei

Tumekirudisha kituoni, mimi na Sankale. Mvua ya kweli kweli, matope mpaka magotini.

Sankale kawaamkia wote kwa kuwaita mama kwa Kimaasai, shikamoo yeyo, shikamoo yeyo, wakampenda hapo hapo. Mimi nilikuwa na woga. Sia alisimama amekunja mikono. Akasema, tuone. Akaenda mwenyewe, akakata umeme wa tangi!

Tukangoja. Joto lilipanda taratibu. Mtoto wa Sabina akaanza kulia, akabembelezwa. Halafu simu ya Mamkubwa ikalia kifuani, ya Sabina mfukoni, ya Sia, ya mama wa mlangoni, zote pamoja, kila moja na mlio wake! Kelele kama harusi. Wengine walipiga vigelegele. Sia hakupiga. Kasema leo kimeamka, kesho je? Hata mara ya kwanza kiliamka siku za mwanzo.

Ana haki. Ndiyo maana sikukiwekea kujizima na kujiwasha. Kikae hivyo hivyo, bila msaada, kwenye mtandao mbovu.

Alhamisi, 22 Mei

Bado kinaishi. Nakichungulia kutoka ofisini kila saa kama mtu mwenye mgonjwa. Modemu inazima na kuwaka kutwa kucha, memori ipo pale pale. Daniel ametishia kuninyang'anya kompyuta.

Ijumaa, 23 Mei

Umeme ulikatika mchana, wakati akina mama wako mashambani wanapalilia. Kisanduku kikaita. Sia ndiye aliyekuwa karibu. Alikimbia na jembe mkononi, akawasha jenereta. Maziwa yote salama!

Alinipigia mwenyewe. Hajawahi kunipigia. Hakusema kisanduku ni kizuri. Alisema, "Vai, nimekimbia mpaka nimeacha kiatu." Halafu akaanza kucheka, nikacheka naye, tukacheka bila kusema kitu kingine chochote.

Jumamosi, 31 Mei

Kikao. Kisanduku kinabaki! Zamu za kulala zimefutwa, na aliyeleta hoja ni Sia. Alisimama na kusema sababu moja tu: mtoto wa Sabina akalale kwao.

Sabina alinikumbatia na kichanga katikati, mafua na yote. Nimelowa bega. Nimepewa maparachichi ambayo siwezi kuyabeba, na mtindi. Sankale kaambiwa ampelekee mkewe galoni nzima ya mtindi kama fidia ya sufuria.

Mamkubwa alitaka nisimame niwaeleze nilifanyaje. Nikaanza, draiva inaomba vipande viwili — akanikata. "Niachie mimi." Akawaeleza yule mtu na keni zake. Chumba kizima kikaguna kwa hasira! Mama mmoja wa nyuma akauliza, jina lake nani?

Jumatatu, 2 Juni

Sijui nianzie wapi.

Barua kutoka kwa Hans, si hadharani, kwangu peke yangu. Anasema amestaafu kazi muda mrefu, draiva hii aliendelea nayo kwa mapenzi tu. Kwao modemu za aina hii hazitumiki tena, hana hata moja ya kujaribia. "Wewe unazo, na unazijua zikiwa katika hali mbaya. Mimi nilizijua zikiwa katika hali nzuri tu." Anauliza kama nitakubali kuwa mtunzaji. Draiva nzima. Viraka vya kila mtu vije kwangu, nikubali mimi, nikatae mimi.

Mimi!

Daniel kasoma mara mbili, kasema saa za kazi atanipa, nisiwaze hilo. Sankale kasema kubali kabla mzee hajabadili mawazo. Baba kauliza, "Huyo mzee hana watoto?" Nikasema sijui, Baba. Akasema mjibu kwa heshima, na umuulize hali.

Mchana wote nimefungua barua ya kujibu, nikafunga. Nimefungua, nikafunga. Mimi ambaye kiraka cha kwanza kingeangusha mashine za watu? Nitamkatalia nani? Nitajuaje?

Na sasa hivi, ninavyoandika hapa, imeingia barua nyingine, hii ya hadharani. Mtu wa Peru, simjui. Ana vituo vya kupima mvua milimani huko kwao, modemu hizi hizi, ametuma kiraka chake. Amemwandikia Hans. Hans kajibu neno moja, halafu kaniweka mimi kwenye barua: "Vaileth?"

Sijajibu lile la kwanza. Sijamwambia ndiyo wala hapana.

Lakini nimeshafungua kiraka. Nimesogeza chai pembeni, Daniel ananiita twende kula, nimemwambia tangulieni. Mwanzo kaandika vizuri, huyu kijana, au mama, au yeyote awaye. Mlango wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Hapa anachukua kipande, hapa anaita modemu, hapa isipoitika ana—

Ngoja. Hapa pana kitu.